Kila Jioni Anaandika

Kitu cha kwanza msichana alichokigundua siku ile hakikuwa uso wa Fundi wala mikono yake. Ilikuwa simu yake. Fundi alikuwa ameilaza kifudifudi.

Ilikuwa juu ya mashine ya kukaushia, palepale inapokaa kila anapokuja kutengeneza, lakini leo kioo kilitazama bati. Siku zote aliiweka chali, akaitupia jicho kila mara kama mtu aliyebandika maziwa jikoni na anaogopa yasije yakafurika. Akikaza skrubu, anatazama. Akishusha mkanda, anatazama. Mama Mapovu aliwahi kumwambia, "Fundi, hiyo simu utaitoboa kwa macho." Leo alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, anafanya kazi bila kuinua kichwa, na simu imelala imempa mgongo kama mtu aliyenuna.

Msichana aliyekuwa akipiga pasi aliliona hilo, akaliweka moyoni, kama alivyoweka kila kitu.

Pale kwa dobi walimwita Redio. Jina alipewa na Mama Mapovu, mama wa makamo aliyesimamia mapipa ya kulowekea, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji na mdomo usiojua likizo. Alimpa jina hilo kwa sababu msichana yule aliweza kupiga pasi mashuka ya hoteli nzima, tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa, bila kutoa neno zaidi ya "shikamoo" na "asante". Kimya kikizidi, Mama Mapovu husema, "Jamani punguzeni hiyo redio, masikio yanatuuma." Watu hucheka. Redio naye hucheka, kichwa chini, mvuke wa pasi ukimficha uso.

Si kwamba hakuwa na maneno. Maneno alikuwa nayo tele. Aliacha shule darasa la tano, bibi yake alipopooza na nyumbani akatafutwa mtu wa kumgeuza na kumlisha, na macho ya wote yakamwangukia yeye. Miaka ile ya kukaa na mgonjwa asiyeweza kusema ilimfundisha kusikiliza, ikamsahaulisha kujibu. Bibi alipofariki akahamia kwa mama yake mdogo, nyumba iliyojaa watu, na humo kila mtu alishakuwa na zamu yake ya kusema. Yake haikuwapo. Maneno yakabaki ndani, yamebanana kama nguo kwenye kapu.

Ndiyo maana akaanza kuandika. Na alikoandika, laiti angejua.

Simu yake ilikuwa ya kurithi. Mama mdogo alipopata mpya alimwachia ile ya zamani pamoja na laini yake, na pamoja na laini akamwachia dunia yake nzima. Vikundi vya harusi, vikundi vya misiba, kikundi cha akina mama wa mtaa, kikundi cha wauza mitumba, kikundi cha mazoezi ambacho hakuna aliyefanya mazoezi. Kutwa simu inalia. Maua ya habari za asubuhi, mishumaa ya pole, mahubiri, dawa za kupunguza tumbo, video za watoto wanaocheza. Watu wasiomjua walimtakia siku njema kwa jina la mtu mwingine. Na simu ikawa haikai mkononi mwake peke yake. Binamu huichukua kutazama picha, mama mdogo huirudia kutafuta namba za zamani. Mara moja tu Redio alijaribu kuandika mambo yake mle ndani, mahali pa kuwekea kumbukumbu. Binamu akayakuta, akayasoma kwa sauti mbele ya wote wakati wa chakula, akisimama kwenye kila neno lililokosewa. Nyumba nzima ilicheka mpaka mjomba akapaliwa na maji. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini usiku ule Redio alifuta yote.

Kisha Fundi akaja.

Alikuja mashine kubwa ya kufulia ilipogoma kuzunguka. Kipuri kilitakiwa kuagizwa, na mwenye duka akasema Fundi apewe namba ya Redio, kwa kuwa yeye ndiye afunguaye asubuhi. Jioni ile, Redio akiwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, simu ililia. Haikuwa ua wala mshumaa.

"Hii ndiyo namba yangu, Fundi wa mashine. Siku yako ilikuwaje?"

Aliisoma mara nyingi. Labda kwa Fundi lilikuwa neno la adabu tu, kama mtu apigavyo hodi. Kwa Redio lilikuwa jambo ambalo hakukumbuka kama aliwahi kuulizwa na mtu. Akaanza kujibu. Akaandika kuhusu shuka lililokuwa na doa la wino lenye umbo la sikio. Akaandika kuhusu mama mmoja aliyeleta koti la marehemu mumewe akaomba lisifuliwe, linyooshwe tu. Akaandika kwamba tangu amwone Fundi akiipapasa ile mashine kama mtu apapasaye ng'ombe mgonjwa, ameshindwa kumtoa akilini. Akasoma alichoandika. Herufi zilimtazama kama zilivyomtazama siku ile ya kicheko. Akafuta yote, mpaka kijisanduku cha kuandikia kikawa cheupe.

Lakini alijisikia mwepesi. Kesho yake akaandika tena, akafuta tena. Katika simu ile yenye kelele kama stendi, ile ndiyo ilikuwa kona pekee yenye utulivu: swali moja limekaa peke yake, na chini yake nafasi tupu. Kila jioni akawa anakaa pale kwenye ngazi anajimimina, anajisoma, anajijua kidogo, halafu anafuta kabla binamu hajaja kuiomba simu. Hakutuma hata herufi moja. Alidhani anaandika gizani.

"Redio," Fundi aliita kutoka nyuma ya mashine. "Nisaidie kushika tochi."

Akaiacha pasi, akaenda. Mama Mapovu alikuwa nje anaanika, sauti yake ikisikika akigombana na upepo. Redio akamulika. Fundi alikuwa anavalisha mkanda mpya, taratibu, bila kumtazama.

"Huu utakaa sana," alisema. "Atakayekuja baada yangu hatapata tabu."

Redio aliendelea kumulika mkanda.

"Hata huniulizi kwa nini aje mwingine."

Redio akaisogeza tochi karibu zaidi.

"Basi nitajiuliza mwenyewe, nijijibu mwenyewe, nimeshazoea." Alitabasamu, lakini tabasamu liliishia mdomoni. "Kampuni inanihamisha. Kuna hospitali kubwa, huko mbali, mashine zake zinataka mtu wa kukaa nazo. Naondoka kesho mchana. Mama amekuja kunisaidia kufunga vitu."

"Kesho," Redio alisema. Lilikuwa neno moja, tena la kwake Fundi, amelirudisha tu.

"Kesho. Na mama hakuja mikono mitupu. Kuna binti wa rafiki yake, mwalimu, yuko hukohuko ninakokwenda. Mama anataka nimpe jibu kabla sijapanda gari, apeleke salamu. Nilimwomba anisubiri. Nikamwambia, mama, kuna mtu ana neno la kuniambia, yuko njiani nalo." Akakaza skrubu ya mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa. "Nikuulize kitu. Usipotaka usijibu. Kila jioni huwa unaniandikia nini?"

Tochi ilipotea njia, ikamulika ukuta.

"Mimi?" alisema. "Sijakuandikia."

"Redio. Mtu akianza kuandika, huku kwa mwenzake inatokea. Juu pale, chini ya jina lako. Anaandika. Na vinukta vyake."

Alijiona kama mtu aliyekuwa akioga nyuma ya pazia miezi yote hii, leo ndiyo anaambiwa pazia ni kioo.

"Umesoma?" Sauti ilimtoka nyembamba.

"Nisome nini? Hakifiki kitu. Naiona anaandika, anaandika, chai inapoa, mkate unakauka, anaandika. Halafu kimya. Kesho yake tena." Fundi alikuwa sasa amesimama, amemtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamechoka. "Mwanzoni nilifurahi. Nikasema huyu dada ana mengi. Halafu nikasema ni mtandao. Halafu nikasema simu yangu mbovu, nikaipeleka kwa mwenzangu aikague. Fundi mzima, napeleka kitu kwa fundi. Akanicheka, akasema simu ni nzima kuliko wewe. Ndipo nikaelewa. Nikasema huyu ana huruma. Anataka kunikataa, anatafuta maneno laini, hayapati, anaahirisha. Basi nikawa nakataliwa kila jioni. Unajua inavyokuwa, kukataliwa kila jioni na mtu yuleyule?"

Siyo hivyo. Maneno mawili tu, hayazidi. Redio aliyasikia yakipanda, na nyuma yake mengine yote, ya shuka na ya koti na ya mkono wa Fundi juu ya bati, yakasukumana kama watu kwenye mlango mwembamba, na kwa kusukumana huko hata moja halikupita. Alisimama na tochi yake, anamulika ukuta.

"Mbona mnamulika ukuta?" Mama Mapovu aliingia na kapu tupu kiunoni. "Nao umeharibika?"

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mtu mzima. Akakusanya vifaa vyake. Alimuaga Mama Mapovu kwa mikono miwili, akaombewa safari njema, akaambiwa akifika huko asile ovyo. Kwa Redio alisimama kidogo.

"Ovaroli yangu nimeiacha kwenye kapu," alisema. "Ikikauka, mpeni yeyote atakayefaa."

Akaichukua simu pale juu ya mashine, akaitia mfukoni. Hakuigeuza.

Jioni Redio alikaa kwenye ngazi ya nyuma. Ndani, televisheni ilikuwa inapiga kelele na watu wanaishinda. Akafungua kile kijisanduku. Swali lilikuwa palepale: siku yako ilikuwaje? Akaweka kidole, akakitoa haraka kama aliyegusa pasi. Sasa alijua kuna dirisha.

Simu nayo ikachagua saa hiyo kumwambia kwamba imejaa, haina nafasi, afute. Akaanza kufuta. Maua ya asubuhi, mkururo mzima. Mishumaa. Kamati ya harusi ambayo bwana na bibi harusi walishaachana, na wanakamati bado wanasalimiana. Alipekua simu ile kama apekuavyo mifuko ya nguo kabla hazijatiwa majini, maana ndiyo kazi ya kwanza waliyomfundisha pale kwa dobi: usiloweke nguo hujapekua, kwani watu husahau vitu vyao mifukoni. Akapekua huku na huku. Alikuta vya mama mdogo, vya binamu, vya majirani, vya watu aliowajua na asiowajua. Cha kwake hakukikuta. Miezi yote ya kuandika, na katika simu nzima hapakuwa na mstari mmoja wa kuonyesha kwamba aliwahi kuwa mle. Alijifuta vizuri kuliko alivyofuta maua.

"Uko huku unabonyeza?" Mama mdogo alitokea mlangoni na kikombe. Akaketi ngazi ya juu yake, akashusha pumzi. "Nasikia yule fundi wenu anahama."

Redio akatikisa kichwa kukubali.

"Afadhali. Usinitazame hivyo, mwanangu, sijazaliwa jana. Mapenzi ni kikohozi, nakusikia ukikohoa siku nyingi. Lakini yule ni mtu wa kuhamahama, leo hapa kesho kule. Na kwao wamesoma. Leo asubuhi mama yake alinikuta dukani, akaniuliza mbele za watu, eti yule binti yenu husema? Nikaona haya hata ya kujibu."

"Ulimjibuje?"

Mama mdogo akageuka kumtazama, kwa kuwa maswali ya Redio yalikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. "Nilimwambia husema akipenda." Akanywa chai. "Nilimdanganya, ama sikumdanganya?"

Mama mdogo akasubiri, kwa kweli alisubiri, kisha akainuka, akamgusa bega, akarudi ndani kwenye kelele.

Redio akakifungua tena kijisanduku. Akaandika neno moja: Fundi. Akaliacha likae. Aliwaza kwamba huko aliko, juu ya simu yake, sasa hivi imetokea anaandika. Halafu akaikumbuka ile simu jinsi ilivyolala kifudifudi, na akajua kwamba haionekani na mtu. Kumbe miezi yote alikuwa na mwenzake kwenye ngazi ile, anamtazama akiandika, chai inampoa, naye hajui. Leo amejua, leo hayupo. Hajawahi kuwa peke yake kama jioni ile, na nyumba imejaa watu.

Hata angetuma, ujumbe ungetua kwenye meza, kioo chini. Kilichobaki ni miguu.

Asubuhi aliipiga pasi ovaroli ya Fundi kabla ya kazi nyingine zote. Kwanza alipekua mifuko, kama kawaida. Siku zote alikuta kitu mle: skrubu, waya mfupi, na tangu miezi ile, pipi moja ya mnanaa ambayo haikuwa ya bahati mbaya. Mama Mapovu akiiona husema, "Cha mfukoni hakina mwenyewe, tugawane," na Redio huifumba ndani ya kiganja, mara ya kwanza na ya mwisho katika siku anapokuwa mchoyo. Leo aliingiza mkono mfuko wa kwanza, wa pili, wa kifuani, wa nyuma. Mitupu, hata vumbi Fundi alilikung'uta. Hivyo ndivyo mtu anavyomaliza mambo yake mahali.

Akanyoosha mikono ya nguo, kola, mishono ya magoti. Akaikunja. Akasimama nayo.

"Anakaa nyuma ya karakana ya mbao," Mama Mapovu alisema bila kuinua macho kwenye pipa lake. "Geti la buluu. Sijakwambia uende. Nasema tu geti ni la buluu."

Redio hakusogea.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Ukienda ukinyamaza, utakuwa umepeleka nguo, basi, ni kazi yetu. Ukienda ukasema, utakuwa umesema. Ukikaa hapa, mimi sitaki kukutazama mwaka mzima unanichomea mashuka ya watu. Nenda. Redio haijawahi kumuua mtu kwa kuzungumza."

Alikwenda. Vumbi la mbao lilikuwa limefunika barabara ya karakana, na misumeno ililia kiasi kwamba hakuna aliyemsalimia, jambo alilolishukuru. Njia nzima alipanga maneno yake, akayapangua. Alitafuta kile kitufe cha kufutia, akakumbuka kwamba mdomo hauna.

Geti la buluu lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na godoro lililofungwa kamba, maboksi, ndoo iliyojaa vyombo. Kwenye kiti kifupi katikati ya vitu hivyo ameketi mama mmoja mnene, miwani puani, anafunga glasi kwa magazeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akamtazama juu ya miwani, akaitazama ovaroli. "Wewe ndiye wa kwa dobi."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye anaandika."

Redio aliinamisha kichwa.

"Mwanangu nimemlea mwenyewe," mama alisema, sauti si kali, ila haina ulaini. "Nimekuja kumtembelea mara nyingi tangu mvua zilizopita, na sijapata kula naye akanitazama. Anakula anaitazama simu. Nikamuuliza kuna nini humo, akanionyesha. Neno moja tu. Anaandika. Nikasema, mwanangu, hata posta ya zamani barua ilifika. Mimi sikukatai kwa sababu ya shule, binti, usije ukadhani. Mimi mwenyewe nilisoma kwa kuungaunga. Nimekaa na mume mnyamavu miaka yote ya ndoa yangu, mpaka anakufa sikujua alipenda chai yenye sukari au isiyo na sukari. Nyumba si makaburini. Mwanangu hatalala humo. Basi kama umeleta nguo, iweke hapo juu ya boksi. Asante."

Mlango wa chumba ulifunguka. Fundi alitoka amebeba feni, waya wake unaburuta. Alipomwona, alisimama. Kwa jinsi alivyosimama, Redio alijua kwamba safari hii hatamsaidia. Hatamuulizia, hatamjibia. Alikuwa amefika mwisho wa kusubiri kwake, yuko ukingoni, feni mikononi.

Redio akaiweka ovaroli juu ya boksi. Mikono ikabaki haina cha kushika. Angeweza kugeuka wakati ule. Geti lilikuwa wazi nyuma yake, na kule dukani mvuke wa pasi ulikuwa unamsubiri amfiche uso.

"Sikuwa nakukataa," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, na msumeno wa karakana ukaimeza nusu. Mama akaacha glasi.

"Sema tena, binti, masikio yangu ya zamani."

"Sikuwa nakukataa," Redio alirudia, sasa kwa nguvu, na machozi yakaja pamoja na sauti kama vitu viwili vilivyofungwa kamba moja. "Sikujua kama inaonekana. Nilidhani ninaandika peke yangu. Nyumbani tupo wengi na simu imejaa watu, na hakuna hata mmoja anayeniuliza. Wewe uliniuliza. Ule ujumbe wako wa kwanza, uliniuliza siku yangu ilikuwaje. Nilikuwa nakujibu. Kila jioni nilikuwa nakujibu swali lilelile. Nakwambia nguo zilizokuja, nani alilia, nani alicheka, Mama Mapovu kasema nini. Nakwambia habari zako wewe mwenyewe. Halafu naona nimeandika vibaya, nafuta."

Msumeno ulinyamaza, labda walikuwa wanageuza gogo. Kimya kikaingia uani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Redio alikiogopa.

Fundi akaiweka feni chini, polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Gari linakuja mchana," alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Kazi siwezi kuiacha."

"Najua."

"Basi kwa nini umekuja kuniambia leo?"

Mama hakumtazama mwanawe. Alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa ncha ya nguo yake, ingawa haikuwa chafu.

Redio alifuta uso kwa kiganja. Maneno yalikuwa bado mlangoni, mengi, yanasukumana. Akayaacha yasukumane. Akamtazama Fundi machoni, bila mvuke, bila kioo, bila kitufe cha kufutia.

"Kwa sababu uliniuliza, na sijawahi kukujibu," alisema. "Leo siku yangu ni mbaya. Ni mbaya kwa sababu unaondoka, na mimi nakupenda, na kuandika sijui vizuri."